Maboksi ya Bi Khampan

Kila tarehe nne ya mwezi
nampelekea Bi Khampan maji.
Si barua, wala si hundi ya mwanawe aliye Bangkok.
Maji: maboksi thelathini, kila boksi mifuko minne,
na mgongo wangu unajua hesabu hiyo bila karatasi.

Posta ya Kalasin haikunifunza habari za figo.
Ilinifunza stempu, anwani, na mbwa.
Lakini huu ni mwaka wa tatu nakaa kizingitini kwake
nikikausha jasho, na nimeona:
anazima feni, anamfukuza paka,
ananawa hadi viwiko, kidole baada ya kidole,
kama anayehesabu madeni.
Barakoa. Kimya.
Mfuko unaning'inia kwenye kitanda cha kufumia,
msumari uleule uliokuwa wa nyuzi za hariri.

"Zimegoma," aliniambia siku ya kwanza.
"Zote mbili. Hata kuaga hazikuaga."
Sukari ilizila polepole, miaka kumi na sita,
naye akidhani uvimbe wa miguu ni uzee,
na povu la mkojo, sabuni ya choo.

Sasa maji yanaingia tumboni kwa mpira mwembamba,
yanakaa humo saa nne,
yanaokota uchafu ambao damu imeshindwa kuutupa,
kisha yanatoka na rangi ya chai hafifu.
Anainua mfuko dirishani.
"Ukiona ukungu, usingoje kesho," nesi Darunee alimwonya,
naye aliwahi kungoja kesho, mara moja tu.
Siku kumi na moja hospitalini. Hasimulii.
Anapima mfuko kwenye mizani ya mchele
na kuandika katika daftari la mjukuu, chini ya hesabu za kugawanya:
yameingia elfu mbili, yametoka elfu mbili mia tatu.

Mumewe, Bunlert, hula samaki wa kuvundikwa nyuma ya nyumba,
kwa kujificha, kama mzinzi.
"Harufu inanifikia," anacheka. "Mwache.
Alioa mwanamke, hakuoa karatasi ya daktari."

Aprili, jua likiwa limekaa juu ya lami,
pikipiki ilinishinda njiani.
Kitu kilinishika ubavuni, kikashuka kinenani
kama kamba yenye mafundo inayovutwa na mtu asiye na haraka.
Nilitapika juu ya barua za watu.
Jiwe, wakasema. Dogo kuliko punje ya mchele.
Mimi, baba wa watoto watatu, nimelizwa na punje!
Dawa yake, kwanza kabisa: lita tatu kwa siku,
na mkojo usiubane kwa sababu ya ratiba ya posta.

Nilipomweleza, Bi Khampan alicheka mpaka akashika mpira wake.
Yeye ana vikombe vitatu tu, kutwa, pamoja na mchuzi.
Kiu yake huidanganya kwa kipande cha barafu
anachokizungusha mdomoni hadi kiishe.
"Wangetukoroga pamoja," akasema, "kisha watugawe upya."

Tangu hapo hanisainii kabla sijanywa.
Ananiwekea jagi kizingitini, anakaa mbele yangu,
macho yake kwenye koo langu.
"Tena," anasema. "Meza. Tena."
Nakunywa kwa aibu, kama anayekula mbele ya aliyefunga,
na yeye, naapa, anameza pamoja nami, mdomo mkavu.

Foleni ya figo huko Khon Kaen haijamwita.
Huwa simuulizi.
Leo boksi moja lilikuwa limelowana pembeni;
nimelirudisha, nimejaza fomu, sababu: limevuja.
Amesaini kwa herufi moja ndefu, kama uzi,
kisha akanionyesha kitambaa alichokianza tena,
chekundu, ukingo wa dhahabu, upana wa mikono miwili.
Hakipimi kwa mita.
"Hadi hapa," akagusa, "mifuko tisini na mbili.
Nikifika mia mbili nakikata."